Boti ya Matumbo Mawili

Nicodemus hakuwa mtu mbaya, na ukiuliza pale bichi ya Kamere, Ziwa Naivasha, watakwambia hivyo hivyo. Alikuwa tu na kijiba cha roho, na kijiba hicho kilikuwa na jina: Maxwel.

Wote wawili walikuwa na boti za kubeba wageni wa hoteli kwenda kuona viboko, na wafanyakazi wa mashamba ya maua wakitaka kuvuka. Injini zao zilikuwa sawa, nauli sawa, hata jaketi za kuelea walinunua duka moja. Lakini boti ya Maxwel ilikwenda imetulia, na ya Nicodemus iliyumba mpaka mtu mzima anaanza kusali. Hayo yote angeyameza. Kilichomkaba koo ni Akeyo.

Akeyo alikuwa mke wake wa ndoa, aliyefunga naye ndoa kanisani watu wakiona. Walipokuwa bado wageni Kamere, boti ya Nicodemus iliinama upande, Akeyo akaingia majini na beseni zima la samaki wake wa kuuza. Alipotolewa aliikamua leso, akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba boti hiyo hapandi tena. Na hakupanda. Kila akienda ng'ambo kununua samaki, alipita mbele ya boti ya mume wake, akamsalimia vizuri kama mke mwenye heshima zake, akaenda kupanda kwa Maxwel. Wewe hebu fikiria. Bichi nzima inaona. Mkeo anapandishwa kwa mkono wa mwanamume mwingine, anakaa mbele, anacheka, na wewe umesimama hapo na kamba yako.

"Mimi sina haja na Maxwel, Baba Natasha," Akeyo alimwambia siku alipolalamika. "Nina haja ya kufika."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na hayakumtuliza hata chembe.

Basi mwaka huo wa 2007, mvua ya masika ilipokwisha, mgeni mmoja Mzungu akamwonyesha picha kwenye kamera yake: boti ya injini yenye matumbo mawili, yameunganishwa juu kwa sakafu moja pana. Haiyumbi hiyo, mgeni akamwambia, unaweza kuweka kikombe cha chai na kisimwagike. Nicodemus hakuwa na raha tena. Alisumbua watu wa sacco mpaka wakampa mkopo, akaenda Nakuru kumtafuta Harjit Singh.

Harjit alikuwa na karakana ndogo upande wa viwanda, anatengeneza matangi ya maji, na mara moja moja boti za faiba. Alizaliwa Nakuru, akakulia Nakuru, na hakuwa mtu wa kuzungushana.

"Nitakutengenezea," alisema. "Lakini mimi sichori boti, boss. Mimi nanakili. Niletee boti moja inakimbia vizuri. Naipindua, naipaka nta, nalaza faiba juu yake. Ikikauka naibandua, hiyo ndiyo kalibu. Kwa kalibu hiyo moja nakutolea matumbo yako mawili."

"Nitaleta yangu."

"Yako naijua, Nicodemus. Si ni mimi niliiziba mwaka juzi?" Harjit alifuta mikono kwa kitambaa. "Leta nzuri."

Nzuri. Ziwa zima la Naivasha, na boti nzuri ilikuwa moja, na mwenyewe alikuwa ni yule yule. Nicodemus alirudi nyumbani amenuna njia nzima. Aliwaza kutafuta nyingine. Akawaza pia kuacha. Halafu asubuhi akamwona Akeyo anapanda kwa Maxwel na beseni lake, Maxwel anamtengea mahali pakavu pa kukaa, na mambo ya kuacha yakaishia hapo.

"Ndugu yangu," alimwambia Maxwel jioni, kwa sauti tamu kama ya mtu wa kampeni. "Hii boti yako imechujuka rangi. Kuna fundi wangu Nakuru, wacha nikupelekee aipake. Chukulia ni shukrani, vile ulinivuta siku ile injini yangu ilizima."

Maxwel hakuwa na makuu. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru hadi akaita na mke wake aje ashukuru. Nicodemus alitabasamu kwa meno tu. Hata wema wa yule mtu ulimuudhi. Alitamani angalau angemkatalia, apate sababu ya kumchukia mchana kweupe.

Kule karakana boti ikapinduliwa tumbo juu. Harjit alipitisha kiganja toka mbele mpaka nyuma, akasimama ubavuni, upande wa kushoto.

"Hapa iliumwa na kiboko," alisema. "Na aliyeziba alikuwa na haraka. Ona vile imebaki na mshono. Niisawazishe kabla sijatoa kalibu?"

Nicodemus aliizunguka ile boti. Akaigusa kila mahali, akainama, akafunga jicho moja kama fundi, na ukweli ni kwamba hakujua anaangalia nini. Utamu wa boti hii ulikuwa wapi? Pengine ni pale mbele ilipopinda. Pengine ni unene wa tumbo. Na pengine, nani ajuaye, ni huo mshono wenyewe. Je, kikisawazishwa kitu, halafu Akeyo akikanyaga ajisikie tofauti?

"Usiguse kitu," akasema.

"Boss, itatokea mara mbili. Kila tumbo litakuwa nao."

"Itokee."

Wewe cheka tu. Mwenye wivu hajui anatamani kipi hasa, ndiyo maana anabeba vyote.

Boti ya Maxwel ilirudi Kamere inang'aa rangi mpya, na Maxwel akamsifu Nicodemus kila kona. Ile ya matumbo mawili ikaja nyuma yake, kampeni za uchaguzi zikiwa zimepamba moto, ikashushwa kwenye lori watu wakishangaa. Ilikuwa kubwa, ya buluu, pana kama sebule. Pasta akaiombea. Akeyo alisimama pembeni na beseni lake, na Nicodemus hakuangalia kitu kingine ila uso wake.

Wa kwanza kuona alikuwa Milcah, mama mmoja wa kuparua samaki hapo bichi, ambaye mdomo wake haukujua kungoja.

"Huu si mshono wa boti ya Maxwel?" alisema. Akazunguka upande wa pili, akachungulia tumbo lile lingine. "Na huku pia uko."

Kicheko kikaanza nyuma na kuja mbele. Nicodemus alikauka. Alijiandaa kwa matusi, hata kwa ngumi. Maxwel alipiga magoti kwenye tope, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa kwanza, akaenda kwenye wa pili. Halafu akacheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe ndiyo rangi hiyo, Nico," alisema akijifuta machozi. "Si ungeniomba tu. Watu wangu, hebu oneni, boti yangu imezaa mapacha."

Akamkumbatia mbele ya kila mtu. Nicodemus alisimama ndani ya kumbatio hilo mikono ikining'inia, roho inamchemka. Angalau angetukanwa. Mtu unamwonea wivu miaka yote hiyo, halafu anaufurahia wivu wako, sasa wewe unabaki na nini?

Ndipo akamwona Akeyo anaweka beseni chini na kuvua ndala.

Akasahau Maxwel na bichi yote. Akaruka ndani, akamnyooshea mkono mke wake, na Akeyo akaushika. Akakanyaga kwa mguu mmoja, akapima. Akakanyaga na wa pili. Boti haikutikisika. Akaenda moja kwa moja akakaa mbele kabisa, akapanga leso yake magotini, na wanawake wa bichi wakapiga vigelegele.

Nicodemus aliwasha injini zote mbili. Walitoka polepole, maji yametulia, upepo mdogo unawapiga usoni, na nyuma yao kelele za watu zikafifia. Alimwangalia mke wake mgongoni. Mabega yake yalikuwa yamelegea, kama yanavyolegea akiwa nyumbani. Nicodemus akaanza kupiga mluzi kwa furaha.

"Umefanya vizuri, Baba Natasha," Akeyo alisema bila kugeuka. "Siogopi hata kidogo. Nikifunga macho, ni kama niko kwa Maxwel."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anamsifu, na Nicodemus alijua anasifiwa, na kujua hakukumsaidia. Alikata usukani. Boti ikageuka taratibu, bila kuinama hata kidogo, ikaelekea ilikotoka.

"Mbona tunarudi?" Akeyo aliuliza. "Hata kwa viboko hatujafika."

"Mafuta yameisha," akasema, na matangi yote mawili yalikuwa yamejaa pomoni.