Biti ya Nimesikia

Kabla chipu ya kitanda cha joto cha watoto njiti haijapelekwa kiwandani, mwandishi wa programu alimwomba kaka yake aliyeichora kitu kimoja tu: aitenganishe kengele na taa.

Rejista aliyoipanga kaka mtu ilikuwa kama ubao mmoja wenye swichi nane. Programu haiwezi kugusa swichi moja peke yake. Husoma ubao mzima, hubadilisha inayoitaka, kisha huurudisha mzima. Hapo hapana neno. Balaa lilikuwa biti ya tatu, yaani swichi ya tatu. Joto la kitanda cha mtoto njiti likishuka kupita mpaka, biti hiyo huwa moja, kengele iamke. Na ili kuizima, programu huiandikia moja hiyo hiyo. Kaka mtu aliibatiza "Nimesikia", akaicheka mwenyewe. Pembeni yake, ubao huo huo, akaiweka taa.

"Kaka, nikigusa taa wakati joto limeshuka, nitairudisha ile moja bila kujua. Chipu itadhani nimesikia. Kengele itanyamazishwa hata haijalia."

"Rejista ya pili inakula nafasi, bibie. Programu ni maneno tu, utarekebisha huko huko."

Huko huko! Ndivyo walivyo wachora chipu: wajikwae wao, achechemee mwingine. Basi akarekebisha. Kila alipogusa ubao ule aliikumbuka biti ya tatu, akaiandikia sifuri, ambayo haizimi kitu. Kila mahali, isipokuwa mahali pamoja: pale taa inapofifishwa mtoto alale.

Mashine ilipoanza kutumika wodini, muuguzi wa zamu aliififisha taa joto likiwa ndiyo kwanza limeshuka. Kengele haikulia. Alipokuja kumpapasa mtoto, alimkuta wa baridi. Akamtia kifuani mwake, akamsugua mgongo mpaka kikatoka kilio. Mtoto alipona kwa mkono wa mtu, si kwa mashine yao.

Mkurugenzi wa kampuni yao akaitisha kikao cha kesho yake. Jioni ile kaka mtu alimfuata dada yake jikoni kwa mama yao. Mama alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kutakata, akijifanya hayamhusu.

"Sema tu ulisahau," kaka alisema. "Kwani hukusahau?"

"Nilisahau. Lakini mtego ni wako, kaka. Wangu ni mguu."

"Chipu hiyo hiyo inaingia kwenye mashine mpya. Wakianza kuichokonoa rejista, nimekwisha. Na mimi ndiye niliyekuingiza kazini, au umesahau na hilo? Wewe hukosi kazi kwingine."

"Na atakayeandika programu ya hiyo mashine mpya, nani atamwambia?"

Kaka mtu akamgeukia mama.

Mama aliweka sufuria chini. "Mwanangu, msitiri kaka yako. Tangu baba yenu atutoke, yeye ndiye baba. Damu nzito kuliko maji."

Dada mtu alimwona akilini muuguzi mwingine, kwenye wodi nyingine, akinyoosha mkono kufifisha taa, na hakuna wa kumshtua. Alikuwa na la kusema, na alijua kesho angekuwa na watu wa kumsikiliza. Mama yake alikuwa bado anamtazama, mikono inachuruzika maji.

"Nimesikia," alisema.

Kaka mtu alishusha pumzi, akavuta kiti, akamuuliza mama kama chai ipo.