Nyumba Saba, Namba Moja

Katika biro ya ushirika wetu wa wafugaji hapa Fizi, mwanachama akibadilisha namba ya simu ilikuwa kazi. Mama Dorothée, katibu wetu, alikuwa akiwapigia watumishi wote tisa, mmoja mmoja, akiwasomea tarakimu mpaka koo likauke. Mimi Sadiki, ambaye diploma yangu bado inanuka wino, nikamwambia aache kujitesa. Nikaweka majina yote kwenye ordinateri, ile kompyuta ya ofisi, nikaunganisha na simu za wenzetu. Ukiandika jina hapa, simu ya kule ikipata tu rezo, ule mtandao wa simu, jina limefika.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini niliona namba zinajirudia: ileile mara mbili, mara tatu, moja hata mara saba. Uchafu, nikasema. Nikaiamuru mashine: namba moja, muntu mmoja. Majina mia na nne yakabaki sabini na moja. Nikatangaza kwamba nimefagia, nikajinunulia mandazi kwa heshima yangu.

Jumatano, saa nne asubuhi, akapiga Dokteri Patrice, anayechanja ng'ombe zetu. Alikuwa Bibokoboko, juu mlimani.

"Kuna mama hapa, Mukankuranga," akasema. "Iko na ng'ombe ine. Mu simu yangu jina lake haliko."

Chanjo ni ya wanachama tu, na Patrice ni muntu wa orodha. Sijui kama hata watoto wake anawaita bila kuangalia karatasi. Mama Dorothée akamhakikishia kwa mdomo kwamba huyo mama ni wetu. Patrice akakataa. Mwaka jana alichanja kwa kuambiwa tu, bila orodha, wakubwa wake wakamwandikisha barua ya maelezo. Tena chupa alikuwa ameshaifungua, na ikifunguliwa haivuki masaa mawili, inatupwa. Chanjo nyingine ingekuja baada ya miezi sita, na kwenye mlima wa jirani ndama walikuwa wameanza kufa.

Mama Dorothée akanigeukia. Yeye alijua nisichokijua: kule juu rezo inashika tu kwenye uzio wa Kayitesi, jirani wa Mukankuranga. Simu ya Kayitesi ndiyo simu ya nyumba saba. Ikilia anaita kwa sauti, na anayetafutwa anakuja mbio. Siku ya kuandikishwa, wote saba walitoa namba hiyo.

"Sadiki," akasema polepole, "umegeuza batu saba kuwa Kayitesi."

Nikakaa kwenye mashine. Nikaandika Mukankuranga, nikaweka namba, nikabonyeza. Kayitesi akammeza. Nikaandika Nsengimana, mwingine wa wale saba. Akamezwa naye, mzee mzima. Ile amri yangu ya kufagia niliibonyeza wapi? Sikukumbuka tena. Mama Dorothée alisimama nyuma yangu akinihesabia dakika za ile chupa, na mimi ningependa zaidi anitukane. Dakika arobaini zikaisha.

Basi nikawaza: mashine inataka muntu mmoja? Nitaipa mmoja, ila mwenye jina refu. Nikafungua ukurasa wa Kayitesi, na mahali pa jina nikapanga wote saba, Kayitesi, Mukankuranga, Nsengimana, Muhoza na wenzao, kila mmoja na hesabu ya ng'ombe zake. Mashine ikakubali bila kutafuna.

Ikabaki jina lipande mlima. Tulimwambia Patrice akate simu, asimame kwenye uzio, ainyanyue juu. Alikuwa huko mbele ya ng'ombe na wenye ng'ombe, mkono hewani, kama anayeapishwa. Tukangoja.

Akapiga tena. Jina limefika. Akalisoma lote kwa sauti ya mahubiri, na kila alipotaja mmoja tulisikia muntu akiitika: "Niko." Mukankuranga aliitika mara mbili, ili asisahaulike tena. Chupa ikaisha dakika kumi kabla ya muda wake, na ng'ombe zake nne zilikuwa ndani ya hesabu.

Mchana simu yangu ikalia. Kwenye kioo yakajipanga majina saba.

"Mutoto wangu, ni mi Mukankuranga," sauti ikasema. "Ng'ombe zimechanjwa, aksanti. Sasa niambie, nani alikwambia Kayitesi anitangulie? Mi ndio mukubwa kwake."

Nikaomba radhi, nikaahidi kumweka mbele. Nilipotaka kukata akanikataza: simu si yake peke yake. Nikasikia inapokezanwa, kisha mzee Nsengimana akisafisha koo, na nyuma yake wengine wakibishana nani afuate.