Saruji juu ya Hekalu

Kila mwaka kabla ya theluji, ukoo wa Tundup ulipanda kilimani na vikapu vya udongo kukandika paa la hekalu. Kazi hiyo walirithishwa tangu enzi za mababu, na Tundup, aliyekuwa fundi wa nyumba mjini Leh, kaskazini mwa India, alikuwa ameichoka.

"Lama, niruhusu niweke saruji," akamwambia mtawa mlinzi. "Tupumzike sote."

Dada yake Yangdol akacheka. "Sema umekuwa mvivu! Hekalu lina miaka mia saba, lilikuwa linakungoja wewe?"

"Dada, wewe shughulika na punda wako. Ujenzi niachie mimi."

Lama, ambaye magoti yake yalishachoka kupanda paani, alikubali. Tundup akamwaga saruji juu ya boriti na fito za kale. Miaka miwili akatembea kijijini kifua mbele.

Agosti ya mwaka wa tatu, mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Saruji ikapasuka, maji yakapenya, yakakosa pa kutokea, yakateremkia ukutani.

Pale ukutani walikuwa wamechorwa wanawake waliojenga hekalu. Tundup na Yangdol walipokuwa wadogo, mama yao aliwainua wamwone wa tatu, mwenye ngozi ya kondoo mgongoni. "Huyu bibi yenu," alikuwa akisema. Sasa bibi alikuwa tope la rangi sakafuni. Kilichosalia ukutani ni ncha ya kiatu.

Yangdol akapiga magoti, akaanza kuchambua tope kwa vidole.

"Nitukane basi, dada," Tundup akasema.

"Nitafutie uso wake kwanza."

Walitafuta siku mbili. Kipande kikubwa zaidi walichopata kilikuwa kama punje ya shayiri. Tundup akapanda juu na nyundo, akaibomoa saruji yote peke yake, akikataa hata chai.

Alitaka kuleta mchoraji. Lama akatikisa kichwa. "Atachora mwanamke mwingine. Na ruhusa nilitoa mimi, usiubebe mzigo wote."

Lakini aliubeba. Msimu ule wakikandika udongo mpya, Yangdol akauliza ghafla, "Hivi bibi alitazama kulia?"

"Kushoto."

"Kulia, Tundup. Upande wa mlango."

Tundup akachota udongo mwingine. Alikuwa amepita mbele ya mwanamke yule miaka hamsini, na hakuweza kuapa alitazama upande gani.