Nguo za Wageni

Mimi nilikuwa mfuaji wa nguo katika kituo cha kulea watoto kwa miaka tisa, na hakuna uchafu ambao sijaufua. Lakini lilikuwapo sanduku moja ambalo kila nikilifungua damu ilinichemka. Lilikuwa sanduku la nguo za wageni. Usidhani ni nguo nzuri. Yalikuwa matambara matupu: mashati yasiyo na vifungo, magauni yaliyochanika kwapani. Wageni wa kujitolea wakija kutoka ng'ambo, watoto walivuliwa nguo zao nzima na kuvishwa hayo. Na msimamizi wetu alitaka yafuliwe na kupigwa pasi! Nimepiga pasi matambara miaka tisa, jamani. Ukimuuliza, alikuwa anakwambia wageni wasije wakapata upele wakiwakumbatia watoto.

Alhamisi ile aliniita stoo asubuhi.

"Dada, Kidoti mvalishe lile gauni la kijivu. Leo ndiye atakayewapokea wageni."

Kidoti alikuwa na miaka sita na doa jeusi shavuni. Mama yake alimwacha kwetu alipolazwa hospitali miezi minane. Alikuwa amepona, karatasi zimeshasainiwa, na siku hiyohiyo alikuwa anakuja kumchukua. Mtoto alikuwa ameshafunga kifurushi chake tangu Jumanne.

"Kidoti si anaondoka leo?" nikasema. "Mama yake yuko njiani."

"Atangoja. Wageni wakishaondoka atamchukua. Kwani mtoto ataliwa?"

"Watoto wote hawa, kwa nini yeye?"

"Ana sura ya kutia huruma, wageni wanampenda. Wewe fua, dada. Ya ofisini niachie mimi."

Nikaufyata. Nasema wazi, niliufyata, nikamvisha mtoto lile gauni kwa mikono yangu, na mpaka leo najichukia kwa hilo.

Wageni wakafika saa nne, vijana kumi na wawili wenye fulana za rangi moja. Sitawasingizia: walikuwa na roho nzuri, ila hawakujua lolote. Msichana mmoja mrefu alipiga magoti palepale vumbini, akamkumbatia Kidoti huku wenzake wakipiga picha. Akasema kitu kwa lugha yao. Dereva wao, ambaye ndiye mkalimani, akamgeukia mtoto.

"Anakuuliza, mama yako yuko wapi?"

Kidoti akajibu kama alivyofundishwa ofisini. "Mama amekufa."

Nilikuwa kwenye kamba, naanika mashuka. Niligeuka, nikamwona mama yake amesimama ndani ya geti kando ya mlinzi, mkoba begani. Ndiyo kwanza alikuwa ameingia. Alikuwa amesikia.

"Nani amekufa?" akauliza, kwa sauti ndogo kabisa.

Uvumilivu ukaniishia. Nikalitupa shuka chini, nikaenda mpaka katikati ya uwanja.

"Dereva! Waambie wageni wako yule pale ndiye mama wa huyu mtoto. Mzima wa afya! Amekuja kumchukua mwanawe, kumbe humu ndani mtoto kavishwa matambara na kufundishwa kumzika mama yake angali hai!"

"Dada, funga mdomo!" msimamizi akafoka. "Kuanzia sasa huna kazi!"

"Kazi chukua. Tafsiri, kaka."

Dereva akatafsiri, neno kwa neno. Simu zikashuka moja baada ya nyingine. Yule msichana mrefu alimwachia Kidoti, akasimama, mkono mdomoni. Msimamizi akajaribu kucheka na hakuna aliyemuunga mkono.

Mama akachuchumaa palepale getini, akafungua mikono.

"Njoo, mwanangu. Twende nyumbani."

Kidoti hakukimbia. Alimtazama mama yake, halafu akamgeukia msimamizi.

"Sasa naruhusiwa kusema mama yupo?"