Marehemu Asiyewahi Kuzaliwa

Stamen Burov alishuka basi la kutoka mji wa Vidin Alhamisi mchana, mfuko wa ngano kilo nne mkono mmoja, mishumaa na chupa ya divai mkono wa pili. Jumamosi mama yao, Nedyalka, angetimiza mwaka kaburini. Ngano ya kuchemsha na kuwagawia watu makaburini alikuwa ameinunua yeye. Padri alikuwa amempigia simu yeye. Dada yake Zornitsa, aliyekuwa akiishi katika nyumba ya mama, alikuwa ameachiwa jambo moja tu: tangazo.

Na katika mji ule tangazo si jambo la mchezo. Mtu akifa, karatasi yenye picha yake hubandikwa mlangoni kwake, kwenye nguzo ya umeme, kwenye kituo cha basi. Arobaini ikifika hubandikwa nyingine; miezi sita, nyingine; mwaka, nyingine. Hakuna anayealikwa kwa mdomo. Watu husoma, wakaja. Wasiposoma hawaji, na wala huwezi kuwalaumu. Kumwacha mzazi bila karatasi ya mwaka ni kuutangazia mtaa mzima kwamba watoto wake wameshanawa mikono.

Karatasi mlangoni ilikuwepo, bado mpya. Ila picha ilikuwa ya mwanamume mwenye masharubu.

«VELKO DARAKCHIEV, FUNDI SAA. Mwaka mmoja bila wewe. Ulipendwa kimya kimya katika nyumba hii.»

Stamen aliisoma mara tatu. Ukoo wao haukuwa na Velko. Mama yake alikuwa mjane kwa miaka ishirini na miwili, mjane wa heshima, hata kwenye harusi hakucheza. Na leo mlangoni kwake pamening'inizwa mwanamume aliyependwa kimya kimya!

"Pole, mwanangu," jirani yao, shangazi Penka, alimwambia akiwa ameegemea ufagio wake. "Sisi wengine tulijua siku nyingi. Tulinyamaza tu."

"Mlijua nini, shangazi?"

"Huyo Velko. Alikuwa akipita Jumapili na kofia yake. Mtu mpole. Nikasema moyoni, saa gani hizi zinazoharibika kila Jumapili?"

Stamen aliingia ndani bila kuvua viatu.

Zornitsa alikuwa jikoni, na mezani hapakuwa na nafasi hata ya kuweka kijiko. Bakuli tano za gundi ya unga zilipangwa mstari, kila moja na namba yake. Stamen akauliza, "Nani huyu Velko?"

Uso wa dada yake ukang'aa. "Umeisoma? Niambie, kaka, ulianza na jina au ulianza na picha?"

"Zornitsa! Ni nani?"

"Hayupo. Nimembuni. Picha niliinunua sokoni, kwenye sanduku la picha kuukuu. Ni ya utafiti."

Utafiti! Hebu sikieni utafiti wenyewe. Zornitsa alikuwa mwandishi wa riwaya, vitabu vinne vimeshatoka, na hiki kilikuwa cha tano. Ukurasa wa thelathini na moja alikuwa ameandika sentensi moja: Asubuhi walibandika tangazo mlangoni. Mwandishi mwingine angeweka nukta akaendelea na safari. Yeye akajiuliza, walibandika kwa gundi gani? Akamwendea mpiga chapa, akaambiwa zamani ilikuwa gundi ya unga. Unga gani? Akaenda kwenye kinu cha zamani, na huko mzee wa kinu akamsimulia mafuriko yaliyochukua daraja, basi mafuriko yakamlia wiki sita. Kutoka kwenye mafuriko akarukia wino unaochujuka kwa mvua. Kutoka kwenye wino akarukia mashairi ya kuwaomboleza wafu, akasafiri hadi mji wa Lom kumtafuta mwalimu mstaafu aliyeyatunga mengi, akakaa naye siku nne, akarudi na habari za nyuki wa mwalimu. Miezi kumi na moja! Na sentensi bado ilikuwa ileile, na maneno yake manne yaleyale.

"Nikaona sijui jambo moja," Zornitsa aliendelea, wala hakuona jinsi kaka yake alivyobadilika rangi. "Watu wakisoma jina la mtu wasiyemjua, wanafanya nini? Nimekaa dirishani siku tisa nikihesabu. Kaka, hutaamini. Watu kumi na saba wanamkumbuka!"

"Wanamkumbuka mlangoni kwa mama! Mtaa mzima unasema mama alikuwa na bwana!"

Zornitsa akashika mdomo. Ukweli ni kwamba hilo halikuwa limempitia akilini hata kidogo. Alijua mvua ngapi huua wino mweusi, na hakujua jirani wa mlango wa pili anasema nini juu ya mama yake.

"Na tangazo la mama liko wapi?"

"Liko njiani."

"Njia gani? Kesho kutwa ni mwaka!"

Zornitsa akamletea jalada. Ndani mlikuwa na matangazo mia tatu na kumi na mawili ya watu wasiowahusu, yamenakiliwa kwa mkono, yamepangwa kwa miaka. Mwishoni kabisa palikuwa na karatasi ya mama yao: msalaba juu, na chini yake weupe mtupu.

"Mistari mitatu," Stamen alisema. "Jina, miaka, saa ya kukutana makaburini. Vitabu vinne umeandika, mistari mitatu imekushinda?"

"Nikianza tu, najikuta natafuta kitu kingine."

"Huo ni uvivu, umeuvalisha miwani."

Akatoka kumbandua Velko. Lakini ile gundi namba tatu ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Karatasi ilichanika na masharubu yakabaki kwenye ubao. Ijumaa asubuhi Stamen alikwenda mwenyewe kwa mpiga chapa, akaandika mistari mitatu kwa dakika mbili, akabandika karatasi mlangoni juu ya masharubu, kwenye nguzo, kituoni na mlango wa kanisa. Stamen hakumsemesha dada yake tena. Walichemsha ngano pamoja, kila mmoja na kijiko chake.

Jumamosi watu walijaa. Stamen alikuwa ameogopa kupata watu kumi. Walifika zaidi ya sitini, naye akashukuru. Padri akafukiza ubani, divai ikamwagwa juu ya udongo, watu wakapanga foleni na vikombe vya karatasi. Wa kwanza alikuwa shangazi Penka. Stamen akamtilia ngano, naye akainamisha kichwa kwa adabu, amwombee marehemu kama ilivyo desturi.

"Mungu amsamehe Velko," akasema.

Wa pili akasema vilevile. Wa tatu akanong'ona, "Na huyu Velko amelazwa upande gani?"

Hapo ndipo Stamen alipoelewa sitini wametoka wapi. Wamekuja kuona nani atamlilia bwana wa mjane! Akaurudisha mwiko kwenye sufuria.

"Hakuna Velko!" akapaza sauti, hata padri akageuka. "Hakuwahi kuzaliwa! Shangazi, huyo uliyemwona Jumapili ulimwona wapi? Mama yangu amewauguzia watoto wenu, amewakandia mikate mlipofiwa, mnakuja kula ngano yake kwa jina la karatasi? Sasa sikilizeni. Aliyelala hapa nani? Asiyemtaja halambi hata punje."

Shangazi Penka, masikio mekundu, akarudi mwanzo wa foleni na kikombe chake.

"Mungu amsamehe Nedyalka Burova," akasema. Wa pili akafuata, na wa tatu, hadi jina la mama likazunguka makaburini mara sitini na kitu, wengine kwa aibu, wengine wakilia kweli, maana walipolitaja walimkumbuka.

Wa mwisho alikuwa Zornitsa. Alinyoosha kikombe. Stamen hakukitia kitu.

"Mtaje."

"Stamen, mimi ni dada yako."

"Mtaje kama wenzako."

Zornitsa akakishusha kikombe.

"Velko nilimwandika kwa dakika tano," akasema polepole. "Sikumjua, ndiyo maana. Tangazo la mama nimekaa nalo mwaka mzima. Kila nikifika kwenye jina nakimbia, nakwenda kutafuta gundi, nakwenda kutafuta unga. Nikiliandika, kaka, atakuwa amekufa."

Stamen alikuwa bado na hasira, na hakuona sababu ya kuificha. Alibaki ameushika mwiko juu ya sufuria, na foleni yote iliyokwisha kula ikasubiri naye.

"Amekufa, Zornitsa," akasema. "Mtaje."

"Mungu amsamehe Nedyalka Burova," dada yake akasema, akaketi pale pale kwenye udongo uliolowa divai na kulia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile walipomzika.