Karatasi Zilizokatwa Kichwa

Fundi, mama tunayemtibu nyonga, aliingia Ijumaa saa mbili na robo asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika. Aliweka karatasi juu ya meza yangu ya mapokezi na kuibana kwa kidole, kana kwamba kuna upepo.

"Kaka Katibu, hii ni ya kwenu?"

Ilikuwa yetu. Kijitu cha mistari, kalamu ya bluu, kinageuza shingo kulia, halafu kushoto, na chini yake maneno: mara kumi, asubuhi na jioni. Daktari huchora vijitu hivyo mwenyewe, na miguu yao siku zote huwa mifupi. Nikamwambia ndiyo, ni mazoezi ya shingo, ila yeye hatumtibu shingo.

"Ni ya wifi yangu. Sasa igeuze."

Nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na mwandiko wa Daktari, ule wa haraka wa siku ya kwanza ya mteja. Miaka thelathini na nne. Fundi cherehani, hushona sare za shule, hukaa kitini saa tisa kwa siku. Watoto watatu, wa mwisho mapacha. Mkojo humtoka akicheka, akikohoa, akinyanyua ndoo. Hajamwambia mtu nyumbani.

Juu, mahali pa jina, hapakuwa na kitu. Pamekatwa, tena kwa unyoofu kabisa, na aliyekata ni mimi.

"Usinisomee kwa sauti," Fundi alisema. "Naona hapa sauti ya chini hamuijui."

Inabidi nieleze. Kliniki yetu ni vyumba vitatu juu ya duka la rangi: cha mapokezi, cha vitanda viwili vilivyotenganishwa kwa pazia, na cha mafaili, ambacho pia ndicho cha chai. Tunatibu migongo, magoti, mabega, na kina mama waliolegea nyonga baada ya kuzaa. Mwenye kliniki ni mtaalamu wa viungo. Si daktari, ila watu humwita Daktari na yeye hajawahi kumsahihisha mtu. Huandika kwa mkono. Kila Ijumaa jioni mimi huingiza maandishi yake kwenye kompyuta, na karatasi zinabaki hazina kazi.

Miaka miwili iliyopita aliniambia nizitupe. Niliona ni hatari kuzitupa zikiwa na majina ya watu, na ni uharibifu kutupa karatasi iliyo nyeupe upande mmoja. Nikabuni utaratibu. Ukanda wa juu, upana wa vidole vitatu, wenye jina, simu na ndugu wa karibu, naukata na kuuchoma kwenye kopo uani. Kinachobaki kinaingia kwenye trei ya Daktari, naye huchora mazoezi upande safi. Tuliuita kukata kichwa. "Katibu, vichwa umekata?" ataniuliza, nami nijibu vimekatwa. Niliupenda utaratibu ule. Niliwafundisha hata watu wa meno wa ghorofa ya juu.

Kwa miaka miwili niliamini kwamba siri ya mtu ni jina lake.

"Wifi aliibandika kwenye mlango wa kabati, sebuleni," Fundi aliendelea. "Jana mkanda ukaachia, karatasi ikaanguka, akaiokota upande usio wake. Akaisoma mara mbili. Halafu akaniambia, mbele ya mama mkwe, 'Kumbe wifi, ndiyo maana siku hizi nikikuchekesha unanuna.'"

"Na mama mkwe?"

"Ametandika plastiki kwenye kiti changu."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Daktari alipanda ngazi wakati huo, ufunguo mkononi. Akaiona karatasi, akamwona Fundi, akavuta kiti na kukaa. Alimpa pole, tena pole nzuri, ya mtu aliyezoea watu wenye maumivu. Kisha akasema, "Lakini mama, tazama. Jina halipo. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba huyu ni wewe."

"Daktari, ukikuta viatu vyangu mlangoni, utasubiri vikutajie jina ndiyo ujue niko ndani?"

"Naongea kitaratibu."

"Mimi naongea kinyumbani, maana ndiko karatasi yako ilikofika."

Daktari akanitazama ili nimsaidie. Nilikuwa bado naangalia ule ukingo ulionyooka.

"Basi tusibishane," Fundi alisema. "Nimekuja hapa mara nne. Kila mara uliandika. Hii ni ya siku ya kwanza. Hii imeshafika kwa mume, kwa wifi, kwa mama mkwe, na kufikia Jumapili itakuwa imefika kwa mashoga zao. Aibu hiyo nitaibeba. Nataka ya siku ya tatu."

Daktari akaacha kuchezea ufunguo.

Nikawasha kompyuta kutafuta maneno ya siku ya tatu, ili niitambue karatasi yenyewe nikiiona. Ni mimi niliyeyaingiza Ijumaa iliyopita, lakini kwa jinsi ninavyochapa, macho huona herufi, hayaoni mtu. Safari hii nilisoma taratibu. Maumivu ya nyonga yalianza mimba ya mapacha ikiwa na miezi saba. Mume alimsukuma, akaanguka ngazi tatu. Na mstari wa mwisho: Ameomba jambo hili lisiandikwe.

Fundi alikuwa ananitazama machoni, anafuata yanavyokwenda.

"Umeshasoma."

"Nimesoma."

"Tulikuwa wawili tunaojua kwamba nimesema. Sasa tuko watatu. Nataka kujua wa nne ni nani, kabla hajawa mume wangu." Akamgeukia Daktari. "Nilikuomba usiandike. Ukaitikia. Nikavaa viatu nikaenda zangu nimepumua."

"Kazi yetu inataka kumbukumbu kamili," Daktari alisema.

"Ndiyo ukaandika kwamba nimeomba usiandike?"

Mimi si mwepesi wa hasira. Mke wangu husema nikikanyagwa mguu huwa naulizia kwanza kama aliyenikanyaga ameumia. Lakini safari hii hasira ilinipanda, na sikujua inakwenda kwa Daktari au inanirudia mwenyewe. Nikainuka, nikaenda kumwaga trei yote mezani.

Ya siku ya pili ilikuwamo. Ya nne ilikuwamo. Ya tatu haikuwamo.

Sikuwahi kuandika nani amepewa karatasi ipi. Kwangu ilikuwa karatasi tupu. Nikachukua daftari la miadi na kuhesabu waliopewa mazoezi mapya tangu Ijumaa iliyopita. Ukimtoa wifi, walikuwa kumi na mmoja.

"Nitawapigia," nikasema, "niwaombe waangalie nyuma."

"Ukimwambia mtu asitazame nyuma, atafanya nini?" Fundi aliuliza.

Alisema kweli. Daktari akapata nguvu. "Waambie mazoezi yamebadilika. Walete karatasi za zamani wapewe mpya. Hakuna atakayegeuza."

Fundi alifikiri. "Ni uongo."

"Ni uongo mdogo."

"Sijasema nimeukataa. Danganyeni mpaka karatasi yangu irudi. Ikisharudi, mtawaambia ukweli, mmoja mmoja. Na wao karatasi zao ziko kwenye kuta za watu."

Daktari akasema tutaangalia. Fundi akaketi kwenye benchi la mapokezi, kati ya mzani na dirisha, na hakuondoka. Tangu asubuhi ile wateja waliingia na kutoka mbele yake, naye alikaa kama mtu anayesubiri mgonjwa wake atoke chumba cha upasuaji.

Nilipiga simu. Mzee wa goti alisema karatasi yake amefungia misumari. Nikamwomba alete na misumari. Mpishi wa shule alileta mwenyewe, anacheka, akauliza kama vile vijitu vyetu vimepata miguu mipya. Dereva wa lori alimtuma mkewe. Kila iliyofika niliipeleka kwa Fundi, naye akakataa kuishika.

"Geuza wewe. Mimi sitaki za watu."

Nikageuza mwenyewe. Sikuona jina hata moja, na nilimtambua karibu kila mtu. Kinyozi, mkono wa kulia unatetemeka, hataki wateja wajue. Mtaani kwetu kinyozi wa sifa hiyo ni mmoja, na karatasi yake ilikuwa imekaa siku tano kwenye nyumba ya watu anaowanyoa.

Hadi saa tisa zilikuwa zimerudi kumi. Ya tatu haikuwamo. Alibaki mwalimu mmoja mstaafu, mama wa maumivu ya mgongo, ambaye simu yake ilikuwa haipatikani tangu asubuhi. Safari hii iliita.

"Mwalimu, habari za mchana. Napiga kutoka kliniki. Mazoezi yako yamebadilika kidogo, kwa hiyo tunaomba ile karatasi..."

"Mazoezi hayajabadilika," akanikatiza. "Nimesahihisha insha miaka thelathini na sita, mwanangu. Mtu akitunga najua."

Nikaweka kalamu chini.

"Wewe ndiye yule wa mafaili? Mpole mpole?"

"Ndimi, Mwalimu."

"Jumatano nilikuja hapo, hukuwepo."

Jumatano nilikuwa nimempeleka mama yangu hospitali.

"Nilimwonyesha Daktari wako. Nikamwambia, hii karatasi ina mtu ndani yake. Akanijibu haina jina, nisiwe na wasiwasi, niendelee na mazoezi. Nikarudi nayo nyumbani. Nimeitia kwenye bahasha na bahasha nimeilalia."

Nilimtazama Daktari. Alikuwa amesimama penye pazia, na alijua nimeambiwa nini. Siku mbili. Asubuhi ile alimpa Fundi pole ile nzuri, huku akijua ya tatu iko wapi, akaniacha nipige simu kumi.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua iko mahali salama."

"Nimemsikia," Mwalimu alisema kwenye simu. "Mwambie usalama ni wangu, si wake. Karatasi siileti huko. Nampa mwenyewe, mkononi."

Nikampa Fundi simu. Aliisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama. "Ndiyo, Mwalimu," alisema. Kisha, "Hapana, mume wangu hajaiona." Kisha akasema, "Nyumba ya bati la kijani, nimekuelewa," na akanirudishia simu. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini uso haukuwa wa kulia. Ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu cha kurusha.

Akamwendea Daktari mpaka pazia likawagusa wote wawili.

"Siku mbili nimelala nyumba moja na yule mwanamume," alisema, "na wewe unajua karatasi ile inatembea mjini. Ungenipigia, hata useme neno moja ukate."

"Nilitaka kuepusha taharuki."

"Ya nani?"

Fundi alichukua mkoba wake na kushuka ngazi, na tulimsikia hatua kwa hatua mpaka chini.

Daktari alirudi kwenye kiti. Akaniambia, kwa sauti ya kirafiki, kwamba karatasi imepatikana na mambo yameisha. Kwamba kuanzia wiki ijayo tutanunua karatasi mpya. Nikamuuliza kuhusu wengine. Kwa hesabu yangu, miaka miwili, karatasi zilizotoka zilikuwa za watu mia moja arobaini na watatu.

"Unataka kuniulia kliniki, Katibu? Kwa kosa ulilolibuni mwenyewe?"

"Nililibuni mimi. Ndiyo maana nitapiga mimi."

"Ukipiga hizo simu, Jumatatu usije."

Nilikaa na maneno hayo. Nina watoto wawili shuleni na mama mgonjwa, na kazi ya mapokezi haiokotwi njiani. Pia nilijaribu kumtendea haki: ana mikono mizuri, nimeona watu wakipanda ngazi zile kwa kutambaa na kushuka wamenyooka. Nilitafuta upande wake, nikautafuta tena. Kila nilipofika, nilikuta ule mstari: ameomba lisiandikwe.

Saa kumi na nusu simu ya mezani iliita. Alikuwa Fundi. Nyuma yake nilisikia vikombe, na sauti ya Mwalimu ikimwambia mtu afunge mlango.

"Ninayo," alisema. "Nalala hapa leo, na watoto wanaletwa. Ya kesho tutaiona kesho." Kisha akaniuliza, "Umeanza?"

"Ndiyo naanza."

"Usiwaombe radhi kwanza. Waambie kwanza kilichotokea, waijue hasira yao. Radhi baadaye."

Nikafungua daftari ukurasa wa mwanzo. Daktari alikuwa amesimama mlangoni, koti mkononi, haondoki na haingii. Nilimpigia kinyozi. Nilimwambia sisi ni nani, tumefanya nini, karatasi yake ilikaa wapi na kwa siku ngapi. Akanitukana, mimi, kliniki, na wote walionizaa, kwa muda wa dakika saba. Nilisikiliza zote. Alipomaliza nikamwomba radhi, akakata.

Nikaweka alama kando ya jina lake, nikapiga ya pili.