Mfupa wa Meneja

Mwenye nyumba wetu alituambia mbwa wake amekufa, nami sikumwamini hata kidogo. Bakuli lilikuwa pale ukutani karibu na bomba, limerambwa likang'aa, na mnyororo umelala kando yake bila chembe ya kutu. Mbwa aliyekufa harambi bakuli. Nilimwambia dereva maneno hayo siku ileile tuliyofika, tukiwa bado tunashusha masanduku ya dawa, naye akacheka.

"Dada, wewe ungekuwa polisi," alisema. "Mama wa watu katupokea vizuri, tayari unamchunguza."

"Namwangalia tu."

"Haya, mwangalie. Ila ukimaliza naye usije kwangu."

Mimi ni muuguzi wa wanyama. Kazi yangu nyumbani ni kushika mbwa na paka wakati daktari anawachoma, na anayeshika ndiye anayeumwa, kwa hiyo nimejifunza kutomwamini yeyote anayetikisa mkia. Niliposema nataka kujitolea nje ya nchi, na timu ya wanyama inayohama mji hadi mji, wifi yangu aliniuliza kama mbwa wa kwetu wamekwisha. Mume wangu alinikunjia tu soksi zaidi. Nikavuka mpaka na watu nisiowajua, nikajikuta katika mji ambao lugha ni yetu lakini hata muuza nyanya anakusikiliza mara mbili kabla ya kukujibu.

Tulikuwa watatu: dereva, mimi, na Daktari, mtu mrefu mwenye sauti ya kuhutubia hata akiomba chumvi. Asubuhi tulichanja mbwa dhidi ya kichaa katika ghala tupu nyuma ya soko, mchana tukawafunga uzazi. Ghala halikuwa na umeme, kwa hiyo chanjo zilikaa kwenye friji ya mwenye nyumba. Rafu ya chini ilikuwa na chupa za mbwa. Rafu ya juu ilikuwa na kisanduku cha chanjo za binadamu, zetu sisi tunaoshika mbwa. Katikati yalikuwa maziwa yake na bilinganya zake. Daktari alinikabidhi mimi friji ile, na nilijua chanjo ikipotea mbwa wa mji wanabaki bila kinga, na mimi narudishwa nyumbani na jina bovu.

Jioni ya kwanza Daktari alituchoma sindano pale pale jikoni, dereva kafumba macho kama mtoto. Mwenye nyumba alikuwa anamenya vitunguu huku anatazama.

"Hiyo ya nini?" aliuliza.

"Ya kichaa cha mbwa, mama. Ukiwa nayo mwilini, hata ukiumwa hufi," alisema Daktari, akasukuma mlango wa friji kwa kiwiko, akakaa kula.

Mezani alitusimulia habari za mbwa mmoja wa mji tuliotoka, aliyemuuma mtu wa posta. "Mbwa akiuma mtu, kwangu hakuna mjadala," alisema, akapitisha kidole shingoni. Tulicheka. Mwenye nyumba alisimama akakusanya sahani kabla hatujamaliza, nami nikaandika hilo kichwani.

Alikuwa mjane, fundi cherehani, mwanamke mkavu wa maneno. Siku nzima cherehani yake ililia barazani, na mara kwa mara ilinyamaza akaenda nyuma ya nyumba kwenye stoo, mlango wenye kufuli, akarudi anajifuta mikono. Ukimuuliza, alikuwa ameenda kuangalia mkaa. Mkaa gani unaoangaliwa hivyo, kana kwamba utatoroka?

Jumapili asubuhi mwanawe alipiga simu. Yuko mbali, nchi ya watu, anafanya kazi za usiku, na simu yake ilisikika nyumba nzima kwa sababu mama yake huiweka sauti ya juu na kuishika mbele ya mdomo kama kipande cha mkate. Sikuwa najificha kusikiliza. Nilikuwa napiga pasi.

"Meneja yuko?" ndilo lililokuwa neno lake la kwanza, hata salamu hakuna.

"Yupo."

"Mpe simu abweke."

"Amelala, mwanangu. Jua kali."

"Mama, mwamshe. Wiki nzima sijamsikia."

"Mwache apumzike. Nitamwambia umempigia."

Ndipo nilipojua Meneja ni nani. Sisi tuliambiwa mbwa amekufa, na mtoto ameambiwa mbwa amelala. Mmoja wetu alikuwa anadanganywa, na katika mambo hayo mimi hupenda kuanza kwa kudhani ni mimi.

Jumatatu mwenye nyumba alikuwa na kitambaa mkononi, kipande cha bitana kimezungushwa vizuri chini ya kidole gumba. Nilimuuliza kimempata nini.

"Mkasi."

"Umekukata juu na chini ya mkono?"

Aliurudisha mkono nyuma ya gauni. "Wewe unatibu mbwa au watu?"

"Umeumwa, mama?"

"Na mbwa gani? Si nimewaambia amekufa?"

Nilimweleza Daktari tukiwa ghalani, mbwa wamepanga foleni hadi barabarani. Alisema tutamwangalia jioni, na kwamba fundi nguo kukatwa na mkasi si ajabu. Jioni ile mwenye nyumba alituwekea chakula mezani akaenda kulala mapema. Nilipita karibu na bomba kunawa. Bakuli halikuwepo tena ukutani.

Asubuhi iliyofuata nilifungua friji kupakia chanjo za siku, nikaona pengo kwenye rafu ya chini. Mimi huzipanga chupa zikiwa zimegusana mabega, ili hata moja ikitoka nijue. Damu ikanipanda. Nilianza na dereva kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

"Mimi nimchanje nani?" alisema. "Gari?"

"Basi ni yeye. Anaziuza."

"Mkononi ana jeraha, na wewe unamfikiria biashara." Hakuwa anatania safari hii. "Dada, hivi hujawahi kukosea kumdhania mtu?"

Nilifanya kazi asubuhi yote nikiwa na hasira, mbwa wakanisikia, mmoja akanikojolea kiatu. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, na huyu ametuweka ndani ya nyumba yake kabisa. Mchana nyuzi za kushonea zilipungua, nikasema naenda kuchukua nyingine. Ukweli nilikuwa naenda kumfumania.

Cherehani ilikuwa kimya. Mlango wa chumba chake ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Nilisukuma. Alikuwa ameketi kitandani, mkono wa gauni umekunjwa hadi begani, bomba letu la sindano katika mkono wa kushoto, na chupa yetu mapajani karibu na kile kifuko anachochomekea pini.

"Kumbe," nilisema.

Hakushtuka. Alinitazama kama mtu aliyechoka kusubiri. "Usinipigie kelele. Nimechukua ya mtu mmoja tu. Jana nimechoma kidogo, leo namalizia."

"Hiyo ni ya mbwa, mama."

"Ya mbwa vipi? Si mlichomana jikoni kwangu? Nilikuwepo. Daktari wenu alisema ukiwa nayo mwilini hufi."

Hasira yote iliniishia miguuni. Friji ilikuwa ile ile, ugonjwa ule ule, na daktari aliyesema ni yule yule. Nani alimwambia rafu ya juu si sawa na ya chini? Nilimnyang'anya sindano taratibu, nikakaa sakafuni mbele yake.

"Nani alikuuma?"

"Hajaniuma." Sauti yake ilipanda. "Meneja hajaniuma. Ana mfupa kooni. Tangu wiki iliyopita mdomo haufungi, mate yanamdondoka, maji anayatazama tu. Juzi nikatia mkono niutoe, akabana. Hajui hata alichofanya. Nyie mngesema ameuma, na kwenu hakuna mjadala."

Kila mtu wa kazi yetu anauogopa mfupa huo. Mbwa anaachama, hamezi, anadondosha mate, na mwenye mbwa anaingiza mkono kutafuta mfupa, kwa mapenzi tu. Mara nyingi hakuna mfupa. Ni kichaa chenyewe, kile cha kimya, kinachopoozesha taya wala hakimfanyi mbwa akimbize watu barabarani.

"Ulipotia mkono, uliugusa mfupa?"

Alifikiri. Aliutazama mkono wake uliofungwa bitana.

"Hapana," alisema.

"Mama, hakuna mfupa."

Alielewa. Niliona anaelewa, na nilitamani ningekuwa nimekuja kumkamata mwizi.

"Hospitali wangeniuliza mbwa ni wa nani," alisema polepole. "Mwanangu hakuniachia kitu kingine. Aliniachia huyo, akasema mama, mtunze hadi nirudi, asichomwe sindano na mtu nisiyemjua."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nilisema, na papo hapo nikajuta. Hakuwa na haja ya methali. Alikuwa na haja ya sabuni.

Nilimpeleka kwenye bomba, nikafungua kile kitambaa. Meno yalikuwa yameingia pande zote mbili, kama nilivyodhani, na kudhani sawasawa hakukunifurahisha. Niliosha, nikaosha, maji yakipita juu ya mikono yetu wote wawili hadi akasema vidole vimekufa ganzi. Nilimpigia Daktari. Wakati tunangoja nilimwomba ufunguo wa stoo.

Meneja alikuwa pembeni juu ya gunia, mbwa mkubwa wa rangi ya majivu, taya limening'inia. Bakuli lilikuwa mbele yake limejaa maji, mate yakielea juu. Aliinua macho akajaribu kutikisa mkia. Hapo ndipo nilipolia, mimi nisiyeamini mikia. Nilifunga mlango.

Daktari alifika anahema. Nilimweleza yote palepale barazani, pamoja na maneno yake ya jikoni. Sauti yake ya kuhutubia ilipotea kabisa.

"Mimi ndiye niliyemwambia hafi," alisema.

"Wewe. Na mimi niliyekabidhiwa friji nikadhani ni mwizi."

Yeye alibaki na Meneja, kufanya lililobaki kufanywa. Dereva na mimi tulimpeleka mama hospitali. Njia nzima dereva hakunikumbusha aliyoyasema asubuhi, na nilimheshimu kwa hilo. Mganga wa zamu alimchoma kuzunguka jeraha, akamchoma na begani, akamsikiliza habari ya chupa ya mbwa bila kucheka. Alisema mama amewahi, lakini sindano zilizobaki asikose hata moja, maana ugonjwa huu ukishajionyesha hauna dawa. Kisha akauliza mbwa ni wa nani.

Mama alininyooshea mkono mzima, nikaushika. "Wa mwanangu," alisema.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tunapakia gari kwenda mji mwingine. Chini ya upenu tulikuwa na mgonjwa mmoja ndani ya tundu, jike la kahawia tuliyemfunga uzazi, akisubiri mwenyewe aje kumchukua. Simu ikalia.

"Meneja yuko?"

Mama alinitazama. Hakuniomba chochote kwa mdomo. Alitembea hadi kwenye tundu, akainama, akaisogeza simu kwenye nyavu. Yule jike, mwenye hasira za mshono, akabweka. Mimi niliyewashuku watu wote tangu nivuke mpaka nilisimama pale na sanduku kifuani, nikiomba moyoni uongo ule upite.



"Huyo siye," alisema mwanawe. "Mama. Huyo siye Meneja."

Dereva alizima injini. Mama alikaa juu ya ngazi ya baraza, akaishika simu mbele ya mdomo kama kawaida yake.

"Hayupo, mwanangu. Aliugua. Nilidhani ni mfupa."

Nilingoja amuulize ni nani aliyemchoma Meneja sindano ya mwisho, ili nijitokeze nijibu. Nilikuwa nimeshapanga maneno.

"Ulitia mkono?" aliuliza kijana. "Mama, nakujua. Ulitia mkono mdomoni kwake?"

"Nilitia."

"Alikuuma wapi?"

Mama aliunyoosha mkono wenye bandeji mbele ya simu, akaugeuza upande wa juu, kisha upande wa chini, amwonyeshe, kana kwamba simu ina macho.